Taa za kasha zimekataa? Anza na plagi

Mteja akipanda ngazi za duka letu na kasha la kompyuta kifuani, jasho likimtiririka, neno la kwanza huwa lile lile: "Fundi, hizi taa ni feki." Wengine hata si mimi niliyewauzia. Feki zipo, sikatai, na mjini Mombasa zimejaa. Lakini taa za LED hazifi zenyewe ovyo ovyo. Mara nyingi huuawa, na anayeziua ni plagi iliyochomekwa pasipo pake.

Nimekusanya hapa malalamiko yanayonijia kila mara, nikayapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu iliyo ya kawaida zaidi na kumalizia na iliyo adimu. Usiruke hatua nyepesi ukakimbilia kuchomelea. Wengi waliofanya hivyo nimewaona tena baada ya siku mbili, safari hii na mothabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, mkononi.

Kabla ya kuchomeka, kuchomoa au kukata waya wowote zima kompyuta, zima swichi ya pawasaplai (kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme), chomoa waya wa stima ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama tano ili umeme uliobaki ndani uishe. Kuchomeka na kuchomoa taa mashine ikiwa inawaka ni njia ya mkato ya kuunguza pini.

Kwanza, mkanda wako wa taa ni wa kabila gani?

Yapo makabila mawili, na hayaoani.

La kwanza ni la volti 12, plagi yake ina matundu manne. Mkanda wote hugeuka rangi moja kwa wakati mmoja: ukichagua bluu, ni bluu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Juu yake utasoma 12V, G, R, B. La pili ni la volti 5, plagi yake ina waya tatu na nafasi moja iliyoachwa tupu katikati. Hili ndilo linalokimbiza rangi kama upinde wa mvua, kwa sababu kila kitaa kina chipu yake na hupokea amri yake kupitia waya wa data. Juu yake utaona 5V, D au DIN (data), na GND (hasi).

Kuna mtego hapa. Herufi G kwenye mkanda wa volti 12 ni rangi ya kijani. Kwenye pini za volti 5, G hiyo hiyo ni waya wa hasi. Nimeona watu wakilinganisha herufi kwa herufi na kujiona wamepatia.

Kwenye mothabodi, majina hutegemea kampuni. MSI huandika JRGB kwa volti 12 na JRAINBOW kwa volti 5. Gigabyte huandika LED_C kwa volti 12 na D_LED kwa volti 5. Za volti 5 za ASRock ni ADDR_LED, na za ASUS mpya ni ADD_GEN2. Ukipeleka mkanda wa volti 5 kwenye pini za volti 12 umeuchoma, tena kwa sekunde. Ukipeleka wa volti 12 kwenye volti 5, kwa kawaida hauwaki tu. Plagi nzuri huzibwa tundu moja ili isiingie pasipo pake, lakini hizi za bei rahisi huja na matundu yote wazi na zinaingia popote utakapo.

"Haziwaki hata moja"

Anza na plagi. Ibonyeze hadi ikae. Plagi za taa hazina ulimi wa kujifunga, hivyo mtu akifunga kioo cha kasha waya huvutika na plagi ikachomoka nusu. Kwa mkanda wa volti 12, angalia kishale kidogo kwenye plagi: lazima kielekee pini iliyoandikwa 12V. Ukiigeuza, mara nyingi utapata giza tupu au rangi za ajabu. Igeuze uangalie tena.

Ikiwa plagi iko sawa na mkanda ni wa volti 5, tazama vishale vilivyochapwa kwenye mkanda wenyewe. Data huingia upande wa DIN na kutoka upande wa DOUT. Ukiulisha kwa mkia, hautawaka hata ukiusomea dua.

Kama unatumia kontrola yenye rimoti, kijisanduku kinachoziendesha taa, badala ya mothabodi, hakikisha kontrola imepata umeme kutoka pawasaplai. Kisha fungua rimoti uvute kile kikaratasi cha plastiki kilichokaa chini ya betri. Ndiyo, nimemtoza mtu pesa kwa kazi hiyo. Aliniletea kasha zima kutoka Likoni, akavuka nalo feri kwenda na kurudi.

Halafu ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mothabodi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, uone kama taa zimezimwa huko, na kwenye programu ya kuendeshea taa uone kama rangi iliyochaguliwa si nyeusi. Nyeusi maana yake ni kuzima.

Yote hayo yakishindikana, ndipo ushuku mkanda umeungua. Kichunguze kitaa cha kwanza, kile kilicho karibu na plagi. Chipu iliyolishwa volti 12 mara nyingi huwa na doa la kahawia au kijishimo, na ukiinusa harufu yake huwezi kuifananisha na kitu kingine. Mkanda huo haufufuki wote, ingawa nyakati nyingine ni vitaa vya mwanzo tu vilivyokufa na kipande kilichobaki kinaweza kuokolewa. Nitaeleza jinsi hapo chini.

Usichomeke mkanda mpya kabla ya kupima pini. Weka maltimita, ile mita ya kupimia umeme, kwenye umeme wa DC, washa kompyuta, gusa pini ya 5V na ya hasi. Usomaji unatakiwa kuwa kati ya 4.75 na 5.25. Mkono ukitetemeka na sindano mbili za mita zikagusana juu ya pini, umepiga shoti mothabodi, kwa hiyo kama hujazoea kupima mashine ikiwa hai, mwachie aliyezoea.

Sababu ya mwisho ni adimu lakini ni katili kuliko zote. Pawasaplai ambazo waya zake huchomolewa upande wa pawasaplai yenyewe hazina mpangilio mmoja wa pini upande huo. Mtu huazima waya wa SATA, ule unaopeleka umeme kwenye diski, kutoka pawasaplai ya rafikiye, unaingia vizuri kabisa, na volti 12 zinafika mahali pa volti 5. Hapo hazifi taa peke yake, na diski pia huenda nazo. Waya uliokuja na pawasaplai nyingine ubaki na pawasaplai yake.

Neno kwa wenye mashine za mitumba za ofisini, hizi HP na Dell ambazo vijana wengi hapa wanazigeuza kuwa za michezo. Usihangaike kutafuta pini za taa kwenye mothabodi zake. Nyingi hazina kabisa. Njia yako ni kontrola ya rimoti inayokula umeme wa SATA. Kama plagi ya SATA ni moja na diski imeikalia, nunua ya kugawanya, lakini chagua ile ambayo kila waya unaonekana umebanwa peke yake nyuma ya plagi. Zile ambazo plastiki yake imemiminwa kama uji juu ya waya zote, nyaya zake hukaribiana mno ndani na zinajulikana kwa kuyeyuka. Mimi siziweki, hata mteja akinunua mwenyewe.

"Zinawaka mpaka katikati, halafu giza"

Hii nzuri, kwa sababu taa zenyewe zinakuonyesha kidole penye tatizo. Kwenye mkanda wa volti 5, kila chipu hupokea data, huchukua amri yake, na kupitisha iliyobaki kwa jirani. Mmoja akifa, wote walio nyuma yake wanakosa habari. Basi hesabu. Kama kitaa cha 17 kinawaka na cha 18 hakiwaki, mkosaji ni mmoja wa hao wawili au kiungo kilicho katikati yao.

Kabla ya kukata, bonyeza taratibu mahali hapo kwa kidole huku taa zinawaka. Zikirudi, mkanda umepasuka kwa kukunjwa. Watu hukunja mkanda kwenye pembe ya kasha kama utepe wa zawadi, na njia za shaba ndani hukatika. Kama hazirudi, hakikisha pia kwamba programu haijaandikiwa idadi ndogo ya taa. Ukiiambia 17, itawasha 17 na kulala.

Dawa ni kukata kitaa kibovu kwenye mistari iliyochorwa, kisha kuunganisha pande mbili, 5V kwa 5V, data kwa data, hasi kwa hasi. Kulehemu kwa risasi ni bora kuliko vile vibanio vya plastiki, hasa hapa kwetu, nitasema kwa nini. Mkanda wa volti 5 hukatwa baada ya kila kitaa. Wa volti 12 hukatwa kila baada ya vitaa vitatu, kwa maana vitatu vimefungwa kwa mfululizo, na ndiyo sababu kwenye mkanda huo vikizimika vitatu pamoja na vingine vikaendelea, ni kundi moja tu limekufa.

"Nabonyeza nyekundu, inatoka kijani"

Si ugonjwa. Chipu nyingi za volti 5 husoma kijani kwanza, halafu nyekundu, na programu ikituma kwa mpangilio mwingine rangi hubadilishana. Tafuta ndani ya programu mahali pa kupanga rangi, uchague GRB. Kwenye mkanda wa volti 12, rangi moja ikikosekana kabisa, kwa mfano nyeupe ikitoka samawati kwa kuwa nyekundu haipo, waya wa rangi hiyo umekatika au pini yake imepinda.

"Mwanzo nyeupe, mwisho pinki"

Umeme unachoka njiani. Mkanda ni mwembamba, njia zake za shaba ni nyembamba zaidi, na volti hupungua kadiri unavyoenda mbali. Bluu na kijani huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu, hivyo ndizo za kwanza kufifia, na nyeupe yako inabaki na wekundu.

Piga hesabu hii kabla ya kununua mita nyingine. Kitaa kimoja cha volti 5 kikiwa cheupe kwa nguvu zote hunywa karibu miliampea 60. Vitaa 60 ni ampea 3.6. Mothabodi nyingi zimeandikiwa ampea 3 kwa pini za taa, kitabu chake kitakwambia. Maana yake vitaa 60 tu vinatosha kuvuka mpaka. Kwenye rangi za kawaida havifiki huko, na ndiyo maana mtu hukaa miezi bila tatizo, kisha siku moja anachagua nyeupe na mambo yanaharibika. Mkanda wa volti 12 wenye vitaa 60 kwa mita, hizi kubwa za kawaida, hula kama wati 14.4 kwa mita, yaani ampea 1.2.

Kwanza punguza mwangaza hadi nusu. Kwa kweli nusu inatosha, ndani ya kasha hakuna anayehitaji mwanga wa uwanja wa mpira. Ikiwa bado, lisha mkanda umeme pande zote mbili, au weka kontrola inayopokea umeme moja kwa moja kutoka pawasaplai na kuchukua data tu kwenye mothabodi.

"Zinapepesa"

Kiungo kilicholegea, mara nyingi. Tikisa kila plagi kwa upole uone ni ipi inayobadilisha hali.

Ya pili ni programu mbili kugombania mkanda mmoja, nitaifikia. Ya tatu huwapata waliojaribu dawa niliyoitaja sasa hivi, wakalisha umeme kutoka kwingine na kusahau hasi. Data bila hasi ya pamoja ni sawa na watu wawili kuongea kila mmoja kwa lugha yake: taa huruka, hubadilika rangi, hucheza ngoma. Hasi ya mkanda, ya kontrola na ya mothabodi lazima zikutane.

Na ya nne ni yetu sisi wa pwani, kutu. Ukiwa Nyali au Bamburi na dirisha limeangalia bahari, feni za kasha zinavuta hewa ya chumvi mchana kutwa. Pini zinaota unga wa kijani au weupe, na kibanio cha plastiki kinachogusa shaba kwa ncha mbili tu hukosa mgusano baada ya muda. Chomoa, sugua pini kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa alkoholi safi ya isopropili, acha ikauke, rudisha. Kiungo cha risasi kilichofunikwa vizuri hakina shida hii.

"Mkanda umebanduka"

Hili ndilo lalamiko nambari moja kaskazi ikivuma. Mkanda unaanguka juu ya kadi ya michoro au, vibaya zaidi, ndani ya feni, na feni inaukata.

Watu hulaumu gundi. Gundi ni mbaya kweli kwenye mikanda mingi, lakini nusu ya kosa ni namna ya kubandika. Kasha jipya lina mafuta ya kiwandani, la zamani lina vumbi lililochanganyika na unyevu. Lipanguse kwa alkoholi ya isopropili. Ile spiriti ya duka la dawa ya kusafishia vidonda usiitumie, mara nyingi hutiwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yanabaki pale pale unapotaka gundi ishike. Bandika, bonyeza kila sehemu kwa kidole gumba, kisha usiwashe kompyuta siku hiyo. Gundi za kubonyeza huongeza nguvu polepole. 3M kwa tepu zake za VHB hutaja saa 72 kufikia nguvu kamili.

Kona ndizo huachia kwanza. Funga kila kona kwa kifungio cha plastiki kwenye tundu la kasha. Havipendezi, najua, lakini vikikaa upande wa ndani wa nguzo havionekani. Mikanda ya sumaku ni raha, mradi kasha lako ni la chuma. Kasha la alumini halishiki sumaku, na kuna mteja aliyenibishia jambo hilo hadi alipojaribu.

Mkanda uliomiminiwa silikoni unavumilia unyevu vizuri, ila ni mzito na gundi yake huelemewa mapema. Ukiuchagua, vifungio si hiari tena.

"Nazima kompyuta, taa hazizimi"

Pawasaplai huacha volti 5 za akiba zikipita hata mashine ikiwa imezimwa. Ingia BIOS, tafuta ErP (hali ya kuokoa umeme), iwashe. Usipoiona, tafuta sehemu ya taa uchague zizimike wakati kompyuta imelala. Basi.

"Programu haizioni"

Chunguza kwanza waya wa USB wa kontrola, ule mdogo unaochomekwa kwenye pini tisa za mothabodi. Umesahaulika, au umekaa pini moja pembeni. Taa zinazoendeshwa na rimoti pekee hazionekani kwenye kompyuta milele, kwa hiyo usizitafute.

Kisha hesabu programu ulizonazo. Aura ya ASUS, Mystic Light ya MSI, iCUE ya Corsair, na pengine OpenRGB juu yake, zote zinataka kushika usukani. Bakiza moja, futa nyingine, washa upya. Tangu sasisho la 2023, Windows 11 nayo ina sehemu yake iitwayo Dynamic Lighting ndani ya mipangilio ya mwonekano. Kama rangi zinarudi zenyewe kila ukiwasha, izime hiyo kwanza uone.

"Tangu niweke taa, kompyuta haiwaki"

Chomoa ukutani. Chomoa taa zote. Washa bila taa.

Ikiwaka, kuna shoti kwenye taa na pawasaplai imejikinga, imefanya kazi yake. Tafuta ncha ya mkanda uliyoikata. Shaba iliyobaki wazi hugusa chuma cha kasha na hapo ndipo umeme unapopotelea. Ifunike kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Utepe mweusi wa umeme kwa joto la humu ndani hulainika, ukateleza, na ncha ikawa wazi tena.

Isipowaka, hapo ndipo pa kusimama. Simama pia ukiona moshi, ukisikia harufu ya kuungua, plagi ikiyeyuka, au swichi kuu ya nyumba ikianguka kila ukiwasha. Peleka kwa fundi. Na usiifungue pawasaplai hata ukiwa na bisibisi inayoenea. Ndani kuna kapasita zinazoshika zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki nazo muda baada ya kuchomolewa.

"Nikigusa kasha lanitekenya"

Hili halina uhusiano na taa, ila watu huligundua siku wanapoweka taa kwa sababu ndipo wanapoligusa kasha kwa muda mrefu.

Pawasaplai ina kichujio kinachopeleka umeme kidogo sana kwenye waya wa ardhi, ule tunaouita athi. Athi isipokuwepo, umeme huo hauna pa kwenda, unakaa kwenye chuma ukisubiri mkono wako. Angalia mambo mawili tu, yote ukiwa umechomoa: plagi ya kompyuta ina pini tatu na ya juu haijavunjwa, na kebo ya kuongezea soketi nayo ni ya pini tatu kweli. Zipo nyumba Majengo na Mji wa Kale ambazo soketi ina matundu matatu lakini nyuma yake athi haijafungwa. Hiyo huwezi kuiona kwa macho, na si kazi ya fundi wa kompyuta. Acha kutumia mashine, muite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aipime nyumba. Mtekenyo mdogo wa kichujio na hitilafu kubwa ya kuua huanza kwa hisia ile ile, na kidole chako hakiwezi kuzitofautisha.

Mmoja alinijia na kasha lake akitaka nimbadilishie mikanda yote kwa kuwa "zinapiga shoti". Nilimwomba anionyeshe waya wa stima. Pini ya juu ilikuwa imekatwa kwa msumeno, ili iingie kwenye soketi ya zamani ya matundu mawili. Mikanda yake ilikuwa mizima, nikaibakiza ilivyo. Waya nilibaki nao mimi.